Mkoba Uliotangulia Kisu

Ukipanda kutoka Tengeru kuelekea Nkoaranga, kwa kitambo kirefu unatembea chini ya migomba na mibuni, na jua la saa sita linakufikia kwa vipande vipande tu. Ukishuka upande wa King'ori, au ukizunguka Mlima Meru hadi Oldonyo Sambu, kivuli kinakwisha: ni mahindi, maharage, vumbi na anga. Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo miale inayounguza ngozi inavyozidi, takriban sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Ubaridi wa Meru unadanganya. Mwili hausikii joto, kumbe ngozi inaungua. Kwa mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina rangi ya kumkinga, kulima chini ya mgomba na kulima mbugani ni mambo mawili yanayoweza kupishana kwa miaka mingi ya uhai. Naanza na kivuli kwa makusudi. Historia ya tiba ya ngozi katika eneo hili husimuliwa kama historia ya majengo: nani alijenga hospitali, lini, na ina vitanda vingapi. Mimi naona inafaa isimuliwe kwa kufuata barabara. Tiba zilizookoa wengi ni zile ndogo zilizotoka hospitalini zikamfuata mgonjwa, na kisu, pamoja na heshima yake yote, mara nyingi kilifika maji yameshamwagika.

Misheni ya Leipzig ilijaribu kuingia Meru mwaka 1896, na wamisionari wake wawili, Ovir na Segebrock, wakauawa Akeri. Ilirudi mwaka 1902 ikaweka kituo Nkoaranga, ambako baadaye ilikuja kusimama hospitali. Magonjwa ya ngozi yaliyotisha enzi hizo yalikuwa buba, ukoma na kidonda ndugu. Wenyeji walikuwa na dawa zao, utomvu wa mshubiri ukiwa mojawapo, na hakuna sababu ya kuzibeza. Ila kilichogeuza mambo ni sindano. Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilianza kuwachoma watu wa Tanganyika sindano za bismathi na za aseniki dhidi ya buba, na watu ambao kwa mengine hawakuwa na haja na daktari wa serikali walizikimbilia, kwa kuwa kidonda kilikauka machoni pao ndani ya wiki chache. Kisha ikaja penisilini. Kampeni ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 1952 hadi 1964 iliwatibu watu wapatao milioni 50 katika nchi 46, na kazi hiyo ilifanywa vijijini, watu wakipanga foleni nje, si wodini.

Kidonda ndugu nacho kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Huanza na mkwaruzo tu mguuni, wa mwiba au wa jembe. Kikiachwa miaka kumi, ishirini, kingo zake huinuka, huota nyama ngumu yenye kutoa harufu, na hapo si kidonda tena, ni saratani. Madaktari wa Kampala walioanza kuandikisha wagonjwa wa saratani katika miaka ya 1950 waliiona sana hali hiyo kwenye miguu ya wakulima. Kwa hiyo anayesema saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu anakosea hata kabla ya kufika kwenye ualbino. Mtu mweusi huipata kwenye kovu la moto au kidonda sugu, na huipata kwenye wayo, kama doa jeusi linalopanuka mahali ambapo jua halijawahi kufika. Mguu unaokatwa kwa sababu hiyo ungeweza kusalimika kwa bandeji safi na mtu wa kuibadilisha miaka mingi nyuma.

Tanzania inatajwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400 hivi, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na Ulaya. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu 16,477. Mwendo wa saratani ya ngozi kwao unajulikana hatua kwa hatua. Mtoto huanza kwa wekundu na malengelenge usoni. Kisha hutokea vidoa vikavu vyenye magamba, kwenye ncha ya sikio, mdomo wa chini, shingo na mgongo wa mkono, vikiwa vigumu kama msasa ukivipapasa. Baadhi ya vidoa hivyo hugeuka vidonda visivyopona. Tangu hospitali ya KCMC ifunguliwe Moshi mwaka 1971, kilomita 80 hivi kutoka Arusha, kaskazini ilikuwa na mahali pa kupeleka vidonda vya namna hiyo, na baadaye Arusha yenyewe ilipata madaktari wa upasuaji wa kutosha kuondoa uvimbe na kupandikiza ngozi. Lakini aliyefika alikuwa na uvimbe ulioshaziba jicho au kula taya. Daktari alikata alichoweza, na palipobaki palihitaji mionzi, ambayo kwa miongo mingi ilipatikana hospitali ya Ocean Road tu, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Mkulima wa King'ori aliyekuwa akihesabu nauli ya kwenda mjini hakuwa mtu wa kuambiwa aende kukaa Dar es Salaam wiki sita.

Mwaka 1992 kilianzishwa KCMC chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi, kwa juhudi za taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi pamoja na serikali ya Tanzania. Uamuzi wake mkubwa, nami nauona kuwa ndio uamuzi muhimu kuliko yote katika historia hii, ulikuwa kuanza na matabibu na wauguzi badala ya kusubiri mabingwa. Tabibu alisoma miaka miwili, akarudi wilayani kwake, akiwa na macho ya kutofautisha upele na ukoma, na doa la jua na saratani. Daktari Barbara Leppard na wenzake wa chuo hicho wakaanzisha huduma ya mkoba, ya kuwafuata vijijini watu wenye ualbino, na kufikia mwaka 1995 jarida moja la Marekani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 164 wa kaskazini mwa Tanzania waliokuwa wameandikishwa katika huduma hiyo. Nalitaja neno kuandikishwa kwa sababu ndani yake mna mapinduzi. Mgonjwa wa saratani hungojwa. Aliyeandikishwa hufuatwa kabla hajawa mgonjwa.

Silaha kuu ya mkoba ule ni mtungi wa naitrojeni ya kimiminika. Wafugaji wa Meru wanaijua vizuri, kwa kuwa kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River, na mbegu za madume huhifadhiwa humo humo, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Tabibu hulipulizia doa kwa sekunde chache. Doa hugeuka jeupe kama barafu, huuma, kisha hurudi rangi yake. Siku chache baadaye hufura lengelenge, hukauka, hubanduka. Hakuna ganzi, hakuna kitanda, hakuna rufaa. Doa lililokwisha kuwa saratani ndogo hukatwa kwa ganzi ya mahali hapo hapo na kushonwa nyuzi tatu nne. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mkoba uliongezewa mafuta ya kuzuia jua ya Kilisun, yanayotengenezwa KCMC kwenyewe baada ya kazi ya mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na baadhi ya wanaoyatengeneza ni watu wenye ualbino.

Wapo watakaosema ninawadhulumu madaktari wa upasuaji, kwamba saratani haiondolewi na kofia ya pama wala mafuta. Ni kweli, na wenye uvimbe mkubwa wanahitaji kisu leo, si mahubiri ya kujifunika. Hoja yangu inahusu mpangilio. Pasipokuwa na anayepita vijijini, hata daktari hodari kuliko wote hupokea masalia. Panapokuwa naye, daktari huyo huyo hukata uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage, na mgonjwa hurudi nyumbani na uso wake. Wapo pia watakaosema hatari kubwa kwa watu wenye ualbino ilikuwa panga. Mauaji yaliyotikisa Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 yalikuwa unyama usio na kipimo, na ilikuwa haki dunia nzima ipaze sauti. Hata hivyo muuaji aliyekuwepo kabla ya mauaji hayo na aliyebaki baada yake ni jua, na hakuna mahakama ya kumfikisha. Naamini pia kwamba hofu ile ilimsaidia: mtu anayeogopa kutembea peke yake njiani hakosi tu soko la Tengeru Jumatano na Jumamosi, anakosa na siku ya kliniki.

Pingamizi zito kuliko hayo ni la fedha. Mkoba umebebwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, na mfadhili huchoka. Hapa buba inatoa ushahidi dhidi ya wanaodhani kazi hufanywa mara moja ikaisha. Kampeni ile ya penisilini ilipofungwa na ufuatiliaji ukalegea, buba iliibuka upya katika nchi kadhaa za Afrika Magharibi na ya Kati, mpaka miaka ya 1970 ikabidi kazi ianze tena. Ualbino ni mgumu zaidi kwa sababu haufutiki; kila kizazi kinazaliwa nao. Wakati huo huo ardhi ya mlimani imebana. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki, na mwenzao Kirilo Japhet akalifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Tangu siku hizo mashamba ya nyumbani yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi kijana anapata vistari viwili vya migomba, na shamba lake la kweli liko chini mbugani. Kivuli kilichowalinda babu zake bila gharama hakimtoshi. Akiwa na ualbino, doa lililogandishwa sikioni mwake mwezi Januari litapata mwenzake kabla ya masika ya mwaka unaofuata, na wakati huo mwenye mtungi anatakiwa awe ameshapita tena King'ori.