Kijenzi: jina la kipande kinachojenga skrini

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, mvuvi hachongi boya jipya kila anapounda wavu. Huchukua maboya yaliyo tayari, akayafunga kwenye kamba ya juu kwa nafasi anazozitaka. Wavu ukichakaa, huyafungua akayahamishia kwenye mwingine. Wavu uwe wa sangara au wa sato, boya kazi yake ni ile ile: kuelea.

Mwandishi wa programu naye ana maboya yake. Tuchukue fomu ya simu ya kuandikisha mzigo wa dagaa: ina kisanduku cha kujazia kilo, menyu kunjuzi ya kuchagua mwalo, na kitufe cha kuhifadhi. Kitufe hicho hakikuchorwa upya nukta kwa nukta. Tayari kinajua kujichora, kutambua kwamba kimeguswa, na kuipasha programu habari. Mwandishi hukipa maneno, mahali pa kukaa na kazi ya kufanya kikiguswa.

Waingereza na Wamarekani hukiita kipande hicho kwa jina tulilolitohoa kuwa wijeti. Mwaka 1988 Ralph Swick na Mark Ackerman, wakieleza zana za kujengea skrini za mfumo wa madirisha ya kompyuta uitwao X, walisema walilichagua neno hilo kwa sababu majina mengine yaliyozoeleka yalibeba maana zisizofaa. Walihitaji neno lisilo na mzigo. Hata hivyo, katika kichwa cha makala yao waliviita vipande hivyo matofali ya kujengea.

Sisi wijeti imeshatufikia na mzigo. Kwenye simu, wijeti ni kile kidirisha cha saa au hali ya hewa ambacho mvuvi hukitupia jicho kabla ya kuingia ziwani. Mwanafunzi akiambiwa kwamba kitufe nacho ni wijeti, ana haki ya kuchanganyikiwa.

Kwa maana ya mwandishi wa programu, napendekeza kijenzi. Anayejenga ni mjenzi, kazi yake ni ujenzi, na kipande kinachoingia katika jengo ni kijenzi. Kwa kuwa neno hili hutumika pia kwa sehemu za vitu vingine, tulitaje kwanza kwa ukamilifu, kijenzi cha kiolesura (yaani cha sehemu ya programu anayoiona na kuigusa mtumiaji), kisha tulifupishe. Linafaa hata pale ambapo maneno kama kidude au kitufe hayafai: katika Flutter, zana ya Google, nafasi tupu inayozunguka maandishi nayo huundwa kwa kipande cha aina hii. Haina sura, lakini inajenga.

Tena ngeli inatusaidia. Wijeti ni wijeti, iwe moja au ishirini. Lakini uzuri wote wa fani ya kuandika programu ni kuunda kitu mara moja na kukitumia mara nyingi, na kijenzi na vijenzi vinautamka uzuri huo waziwazi, kama mvuvi anavyotenganisha boya lililo mkononi mwake na maboya yaliyokwisha kufungwa kwenye kamba.