Ndui ilivyokamatwa kwa redio

Kuna watu hapa chuo wanaamini kuwahi mlipuko wa ugonjwa ni kazi ya kompyuta tu. Haya, turudi Desemba 1966, Nigeria ya mashariki.

Daktari mmoja Mmarekani, William Foege, alikuwa kule kwenye kazi ya kutokomeza ndui. Utaratibu wa enzi hizo ulikuwa kuchanja umati mzima. Mara ikaja habari ya wagonjwa upande wa Ogoja, na chanjo aliyonayo haitoshi hata kidogo! Afanyeje? Wamisionari wa eneo lile walikuwa na kawaida ya kuongea kwa redio kila jioni. Foege akachukua ramani, akamgawia kila mmoja sehemu yake, akawaomba watume watu kijiji kwa kijiji waulize swali moja tu: kuna mwenye ndui hapa? Kesho yake jioni majibu yakawa hewani. Chanjo ile kiduchu ikapelekwa kwenye vijiji vyenye wagonjwa, na kule ambako undugu na masoko yangeufikisha ugonjwa. Waliochanjwa hawakufika nusu ya watu, na mlipuko ukakatika.

Hiyo ndiyo data jamani, hata grafu hakuna. Kuna mtu ametumwa na jibu limerudi mapema.

Ila mtandao huo una matundu. Oktoba 1977, mjini Merca, Somalia, mpishi wa hospitali Ali Maow Maalin alipanda gari kumwonyesha dereva njia. Ndani mna watoto wenye ndui. Safari ya dakika chache tu. Alipougua wakasema malaria, halafu tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Mfanyakazi wa hospitali kabisa, tena nchi nzima inasaka ndui, kha! Aliyekuja kumripoti ni muuguzi mwenzake. Hapo ndipo watu aliokutana nao wakatafutwa mmoja mmoja, na zaidi ya 50,000 wakachanjwa ndani ya wiki mbili. Hakuna aliyeambukizwa naye. Akawa mgonjwa wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imeisha.

Maalin mwenyewe alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Baadaye akajiunga na kampeni za polio, akiwasimulia wazazi wa Kisomali yaliyompata, mpaka alipofariki mwaka 2013. Kwa malaria.