Watayarishaji wa televisheni na filamu katika Kisumu na ufuo wa Ziwa Victoria

Mtayarishaji ndiye mwenye kipindi. Hutafuta fedha, huajiri mwelekezi, waigizaji na wapiga picha, hutia saini mikataba, na kazi ikiharibika lawama ni zake. Nchini Kenya wapo waliodumu katika kazi hii miaka ishirini, thelathini na zaidi, na karibu wote waliodumu walifanyia kazi Nairobi. Kaunti tano za ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zimeipa skrini ya taifa waigizaji, lafudhi, hadithi na mandhari. Fedha za kulipia kazi hiyo zimekaa mbali na ziwa tangu mwanzo, na hilo ndilo lililoamua nani adumu na nani aache.

Redio haikuanza hivyo. Katika miaka ya 1950, utangazaji wa Waafrika ulikuwa na vituo vya mikoani, kimoja Mombasa, kimoja Nyeri na kimoja Kisumu, na mtangazaji wa Kijaluo aliweza kufanya kazi yake bila kuhama. Televisheni ilipoingia mwaka 1962, mtambo wake wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru na mawimbi yake yalifika maili 15 tu. Kituo cha pili kilijengwa Mombasa mwaka 1970. Kisumu ilipokea picha baadaye, nayo ikabaki mpokeaji. Studio za michezo ya kuigiza, wahariri na maabara ya kusafishia filamu vilikuwa mji mkuu.

Kizazi cha kwanza cha watayarishaji weusi kilikuwa cha watumishi wa serikali. Shirika la utangazaji lilitaifishwa mwaka 1964 likaitwa Sauti ya Kenya, chini ya Wizara ya Habari, na halikurudia jina la Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) hadi mwaka 1989. Mafunzo yalitolewa katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya (KIMC), iliyoanzishwa mwaka 1961. Hapo ndipo walipopita Jane Munene, mmoja wa wanawake wa kwanza kusomea filamu nchini, na Anne Mungai, aliyetoa Saikati mwaka 1992 na kufundisha vijana wengi waliokuja nyuma yake. Mshahara wa mwisho wa mwezi ndio uliowawezesha watu wa kizazi hicho kudumu. Mtayarishaji wa Sauti ya Kenya hakutajirika, lakini hakuwa na haja ya kumtafuta mdhamini kila baada ya miezi mitatu. Alichokosa ni haki ya kazi yake, kwa kuwa kipindi kilichotengenezwa na mwajiriwa ni mali ya mwajiri. Alipostaafu, kanda zilibaki ofisini.

Kwa mtu wa ziwa, mpango huo ulikuwa na gharama nyingine. Filamu ya milimita 16 huuzwa kwa rili ya futi 400, na rili hiyo hutoa picha za dakika kumi na moja hivi. Aliyetumwa kupiga picha Kisumu alisafiri kilomita zipatazo 350 akiwa na idadi ya rili iliyohesabiwa, akapiga bila kujua kama mwanga ulikaa sawa, kisha akarudi na makopo yake Nairobi yakasafishwe. Kama mtumbwi ulitoka nje ya fremu, hakukuwa na kurudia. Hapo utaelewa kwa nini hadithi nyingi za ziwa zilichezwa ndani ya studio, mbele ya kuta za mbao.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Mzee Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo aliyefahamika katika kila nyumba yenye televisheni nchini, aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu. Mkewe, Mama Kayai, aliigizwa na Mary Khavere, Mluhya. Lafudhi ya Nyanza, majivuno ya Ojwang', namna alivyomgombeza mkewe na namna mkewe alivyomshinda kwa maneno, vyote vilitayarishwa na kurekodiwa Nairobi kwa miongo kadhaa, na watu wa Kisumu walicheka kama majirani wao wote. Uigizaji huo ulikuwa na upendo ndani yake. Hakuna anayeweza kuiga kitu kwa miaka mingi hivyo bila kukipenda. Hata hivyo ni lazima isemwe kwamba kwa watoto wengi wa bara, Mjaluo wa kwanza kumwona kwenye skrini alikuwa mtu wa kuchekesha, na mwenye ziwa hakupata nafasi ya kuandika mhusika wake mwenyewe. Wanjau alifariki Julai 2015. Katika miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na macho, na Wakenya wakachanga fedha za matibabu yake.

Upande wa sinema, jina la ufuo huu ni Joseph Olita wa Siaya. Sharad Patel, mtayarishaji na mwelekezi Mkenya wa asili ya Kihindi, alimchagua kuwa Idi Amin katika filamu ya mwaka 1981 kuhusu kuinuka na kuanguka kwa dikteta huyo. Ilipigwa nchini Kenya miaka michache tu baada ya Amin kukimbia Kampala, ikasambaa Afrika nzima na kwingineko. Miaka kumi baadaye Mira Nair alimpa Olita nafasi hiyohiyo katika Mississippi Masala. Linganisha njia za Patel na Olita. Ukoo wa Patel uliendelea na utayarishaji hadi Hollywood, ambako Raju Patel alikuwa mmoja wa watayarishaji wa The Jungle Book ya mwaka 1994. Olita, ambaye uso wake ndio uliouza filamu ile, alifia nyumbani Siaya mwaka 2014. Mwenye haki za filamu huendelea kuvuna. Mwigizaji hulipwa mara moja.

Ukiritimba wa KBC uliisha mwaka 1990, kituo cha KTN kilipoingia hewani. Hapo akazuka mtayarishaji wa kujitegemea. Hilary Ng'weno, mhariri aliyekuwa ameanzisha jarida la Weekly Review mwaka 1975, alifungua kituo cha Stellavision, na mwaka 2007 akatoa mfululizo wa makala za televisheni kuhusu historia ya siasa za Kenya, kazi ambayo hadi leo hurejewa na walimu na waandishi wa habari. Alifariki Julai 2021, akiwa amefanya kazi ya habari kwa zaidi ya nusu karne. Kwa msomaji wa Kisumu, historia kama hiyo ina uzito wa pekee, kwa maana hapa bado wako watu wazima wanaokumbuka risasi za tarehe 25 Oktoba 1969, siku Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo wenyeji waliiita Russia.

Mlipaji mwingine alikuwa mfadhili. Tayari mwaka 1987 Sauti ya Kenya ilikuwa imerusha Tushauriane, mchezo wa kuhimiza uzazi wa mpango. Ukimwi ulipoikumba Nyanza kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi, fedha za elimu ya afya zikaleta kamera nyingi ziwani. Kampuni ya Mediae, iliyoanza na mchezo wa redio Tembea na Majira mwaka 1996, ilijenga juu ya msingi huo vipindi vya Makutano Junction na Shamba Shape Up, na imedumu kwa kuwa ilijua kumridhisha mfadhili bila kumchosha mtazamaji. Wengi hawakuweza. Mradi ulipofungwa, kampuni nayo ilifungwa.

Charles Bukeko wa Busia alichukua njia ya tatu. Papa Shirandula, kilichoanza katika televisheni ya Citizen mwaka 2007, kilikuwa kipindi chake mwenyewe: yeye mtunzi, yeye mhusika mkuu, yeye mtayarishaji. Kiliwalea waigizaji wengi, akiwemo Felix Odiwuor, maarufu kama Jalang'o, mzaliwa wa Homa Bay ambaye alichaguliwa mbunge wa Lang'ata mwaka 2022. Bukeko alifariki Julai 2020 kwa maradhi ya Covid-19, na kipindi kikaisha pamoja naye. Huo ndio udhaifu wa kipindi kinachobebwa na mtu mmoja. Reuben Odanga na kampuni yake ya Multan walitegemea zaidi televisheni ya kulipia. Selina, kilichoanza mwaka 2018 kwenye Maisha Magic East, kilionyesha kwamba tamthilia ya Kiswahili inaweza kurushwa siku nyingi za juma na kuwalipa watu wake kwa miaka.

Kupiga picha ziwani kwenyewe ni kazi inayohitaji mtu aliyezaliwa karibu. Kwanza kuna leseni, ambayo hutolewa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani. Kisha, ukifika ufuo wa Dunga, mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa ufuo ndiye mwenye kauli, na asipokubali hakuna mtumbwi utakaotoka. Asubuhi maji hutulia. Mchana upepo wa ziwa huvuma na kuharibu sauti zote. Gugu maji, lililoingia upande wa Kenya mapema miaka ya 1990, linaweza kufunga ghuba usiku mmoja, na mandhari uliyoichagua jana leo ikawa uwanja wa kijani. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, bila mbalamwezi, kwa taa zinazovuta samaki. Ukiwasha taa kubwa ya kamera karibu nao umewafukuzia riziki, na utailipa. Mtayarishaji anayekuja kwa siku mbili hajui lolote kati ya haya, naye hupoteza siku zote mbili.

Kazi nzuri za karibuni kuhusu ufuo huu zimefanywa na watu waliokaa. Branwen Okpako, aliyesoma filamu Berlin katika chuo alichosoma Auma Obama, dada wa Barack Obama, alikuwa Kogelo na familia ya Obama wakati wa uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008, huku vituo vya dunia nzima vikiwa vimejazana getini. Filamu yake ya mwaka 2011 ina utulivu ambao habari za wiki ile hazikuwa nao.

Kwamba mlipaji anaweza kukaa nje ya Nairobi, wanamuziki walilithibitisha zamani. Studio ya Chandarana huko Kericho, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Kisumu, ilirekodi bendi za benga za Nyanza kwa miaka mingi, na mtayarishaji wake hakulazimika kuhamia mji mkuu. Leo Ramogi TV inatangaza kwa Kijaluo na soko la watazamaji lipo, na kanuni za utangazaji zinavitaka vituo vihakikishe kwamba angalau asilimia 40 ya vipindi vyao ni vya nyumbani.

Kinachohitajika sasa ni cha kawaida na kinawezekana. Serikali za kaunti za ziwa zitenge fedha za kudumu za filamu, zenye masharti ya kuajiri na kuhariri hapahapa, na watayarishaji wadai mikataba inayowaachia sehemu ya haki. Vyuo vya Kisumu na Maseno navyo viwarekodi wazee wa Sauti ya Kenya wangali hai, waeleze nani alitayarisha nini, na kanda ziko wapi.