Jumamosi na Jumapili Mlimani: kula Dar ukimtembelea mwanafunzi

Swali hili hutufikia kila vyuo vinapofunguliwa. Mzazi wa Miteja anapanda basi kwenda kumwona mtoto Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana siku mbili na fedha ya kuhesabu. Atakula wapi, na atamlisha nini mwanafunzi wake? Tulifunga safari wenyewe, Ijumaa mpaka Jumapili.

Njia unaijua: Somanga, Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, Ikwiriri, Kibiti, Mbagala. Kipindi cha masika ulizia kwanza hali ya barabara. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata eneo la Somanga na wasafiri wakakwama. Ukifika Mbagala, usiku wa kwanza tafuta ndugu au gesti. Usitegemee kulala chumbani kwa mwanafunzi.

Chuo hiki kilianza Oktoba 1961 mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Kilihamia Mlimani 1964 na kuwa chuo kikuu kamili 1970. Leo kuanzia Mwenge, Sinza, Ubungo hadi Changanyikeni, mama lishe na wauza chipsi wengi wanaishi kwa mifuko ya wanafunzi.

Na mifuko hiyo si mizito. Mwenye mkopo wa serikali hupewa fedha ya chakula na malazi, wao huiita bumu. Iliongezwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini haiji kila siku. Inakuja kwa mkupuo, na wengi huila mapema. Ndiyo maana kijana akikuambia kwenye simu "nimekula", muulize amekula nini. Mara nyingi ni zege, yaani chipsi mayai, na jioni tena zege. Shibe ipo, mboga haipo.

Kwa hiyo Jumamosi mchana mpeleke kwa mama lishe, si kwenye chipsi. Wali, maharage, mchicha na kipande cha samaki. Angalia kama chakula kimefunikwa na kama kinatoka jikoni kikiwa cha moto. Foleni ya wanafunzi na mafundi ni dalili nzuri kuliko bango.

Jumapili asubuhi tulikwenda Feri, Kivukoni. Samaki hupigwa mnada, kisha hapo hapo wapo wakaangaji. Hapa tulijikwaa: tulipatana bei ya samaki, hatukupatana bei ya kukaangiwa. Mafuta yalipochemka ndipo tukaambiwa. Patana yote mawili kabla kisu hakijagusa samaki. Wewe mwenzetu wa pwani unajua kumkagua, jicho liwe angavu, shavu jekundu, nyama ikibonyezwa irudi.

Jioni zake ni pweza wa barabarani na supu yake kwenye kikombe. Chagua anayetolewa kwenye sufuria inayochemka. Coco Beach, Oysterbay, watu hupanga mstari kula mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili. Mihogo ile ile tunayoing'oa nyuma ya nyumba! Tulilipa, tukala, ni mitamu kweli. Ila kama fedha ni ya nauli, hapo pa kuruka.

Kutoka nyumbani beba korosho zilizobanguliwa, ufuta, nazi chache na ng'onda waliokauka vizuri, wafungwe kwenye gazeti kisha mfuko ili basi lisilalamike. Kama kijana amepanga chumba nje ya chuo na ana jiko, mfuko huo unamtoa kwenye zege wiki mbili, tatu. Anayeishi bwenini kwanza muulize kama anaruhusiwa kupika.

Nauli ya kurudi itenge Ijumaa, kabla hujanunua hata kikombe cha chai, na tiketi ikate mapema.