Msongo wa mawazo unavyoumiza ubongo: funzo la nyani na tumbili wa Kenya

Wasafiri wengi wanaijua Kikopey, karibu na Gilgil, kwa nyama choma ya kando ya barabara kuu ya Nairobi–Nakuru. Wanasayansi wanaijua kwa nyani. Kuanzia mwaka 1972, Mmarekani Shirley Strum alifuatilia kundi la nyani katika ranchi ya Kekopey, akaonyesha kuwa urafiki una nafasi kubwa katika maisha yao, si mabavu peke yake. Ardhi ilipogeuka mashamba, nyani wakaanza kuvamia mazao, na mwaka 1984 akawahamishia Laikipia.

Nataja nyani hao kwa sababu jamii yao ina wakubwa na wanyonge, kama yetu. Swali lililomshughulisha mtafiti mwingine, Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, ni hili: unyonge unaufanyia mwili nini?

Sapolsky alianza kuwachunguza nyani wa Maasai Mara mwaka 1978. Aliwalaza kwa mshale wa dawa ya usingizi, akawapima damu. Katika kundi lililotulia, madume wa chini walikuwa na kotisoli nyingi kuliko wakubwa wao. Kotisoli ni homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Ukikimbizwa na mbwa inakusaidia, kwani huupa mwili nguvu za haraka. Shida huanza inapobaki juu siku nenda siku rudi.

Jibu la kutisha zaidi lilitoka kwa tumbili waliofugwa katika kituo cha utafiti hapa Kenya. Mwaka 1989, Hideo Uno, M. A. Suleman, Sapolsky na wenzao walieleza kuhusu tumbili waliokufa baada ya kuonewa muda mrefu na wenzao. Walikuwa na vidonda vya tumbo na tezi zilizotanuka. Ubongo ulipotazamwa kwa hadubini, seli za neva zilikuwa zimeharibika katika hipokampasi, sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya.

Inflamesheni inaingiaje?

Kidonda kikiwa chekundu, kikafura na kupata joto, hiyo ni inflamesheni: askari wa mwili wako kazini. Ubongo una askari wake, seli ziitwazo maikroglia. Wakikaa vitani muda mrefu, huumiza hata seli nzima. Hali hiyo inaonekana katika maradhi ya kuchakaa kwa ubongo, yakiwemo Alzheimer na Parkinson.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa homoni za jamii ya kotisoli hutuliza inflamesheni kila mahali. Katika miaka ya 2000, maabara ya Sapolsky ilionyesha kwa panya kwamba katika ubongo uliojeruhiwa zinaweza kuichochea. Mwaka 2004, utafiti mkubwa wa CRASH, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 10,000 walioumia kichwa, ulitoa onyo lake: waliopewa dawa ya kundi hilo walikufa asilimia 21.1 ndani ya wiki mbili, dhidi ya asilimia 17.9 ya wasiopewa. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa inflamesheni ndiyo iliyowaua, lakini ulizima dhana kwamba dawa hizo ni salama kwa kila jeraha la kichwa.

Tuwe waangalifu pia. Tumbili si binadamu, na hakuna aliyethibitisha kuwa msongo pekee huleta Alzheimer. Na aliyeandikiwa dawa za aina hiyo kwa pumu au ugonjwa mwingine asiziache ghafla, maana kufanya hivyo ni hatari. Amwone daktari wake.

Ninachosisitiza ni kwamba mateso ya muda mrefu huacha alama mwilini. Mama anayelala na hofu ya kufukuzwa kwenye ardhi, au kijana anayedhalilishwa kazini kila siku, tusimwambie ajikaze tu. Na mzee anayesahau majina ya wajukuu apelekwe hospitali. Huku Pwani, hasa Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Nauliza: ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu wa ubongo?