Aliyeandika Habari za Reli Alimwandikia Nani?

Anayetafiti historia ya reli katika mji wowote hugundua mapema kwamba stesheni na shedi ya injini hazikuachiwa kumbukumbu sawa. Stesheni ilijengwa itazamwe. Ilikuwa na saa, baraza na jina la mji kwa herufi kubwa, na wageni rasmi walipigwa picha mbele yake. Shedi iliwekwa pembeni, kwenye moshi na majivu, na walioingia humo kila alfajiri walikuwa mafundi, wachochea moto na wazoa majivu. Ukikusanya kadi za posta na magazeti ya zamani, faili la stesheni litajaa upesi. La shedi litabaki na karatasi mbili tatu. Pengo hilo limezibwa kwa njia tofauti katika nchi tofauti, na ukizichunguza njia hizo utaona zote zimetokana na jambo moja: kulikuwa na mtu aliyeogopa kupoteza fedha.

Marekani, aliyeogopa kwanza ni mwenye bima. Kampuni ya Sanborn, iliyoanzishwa mwaka 1867, ilichora ramani za miji ipatayo 12,000 ili makampuni ya bima yajue hatari ya moto katika kila jengo bila kutuma mtu kwenda kulikagua. Jengo la matofali lilipakwa rangi ya waridi, la mbao njano, la mawe buluu, la chuma kijivu. Kwa mwenye bima, stesheni ilikuwa hatari ya kawaida. Nyumba ya injini, yenye matanuri yanayowaka, mafuta na matambara ya kufutia mashine, ilimnyima usingizi. Kwa sababu hiyo karatasi ya Sanborn huieleza shedi kuliko gazeti lolote la mji: nusu duara ya waridi iliyogawanywa vyumba vya injini, jukwaa la kugeuzia katikati, tangi la maji kando, na maandishi madogo yanayosema kama kuna mlinzi wa usiku na kama taa ni za mafuta au za umeme.

Mtafiti huziweka karatasi za miaka mbalimbali sambamba, akaona stesheni ya njano ikitoweka na ya waridi ikisimama mahali pake. Lakini kuna mtego. Kampuni haikuchapa ramani mpya kila jengo lilipobadilika. Mara nyingi ilituma vipande vya karatasi vibandikwe juu ya ramani ya zamani. Mwaka uliochapwa pembeni unaweza kuwa mkubwa kwa umri kuliko jengo unaloliona. Asiyepitisha kidole kutafuta ukingo wa kibandiko ataandika kwamba shedi ilikuwapo miaka kadhaa kabla haijajengwa.

Hofu ya pili ya Wamarekani ilikuwa ya nauli. Watu walilalamika kwamba makampuni ya reli yalitia chumvi thamani ya mali zao ili kuhalalisha viwango vikubwa. Bunge likapitisha sheria mwaka 1913 kuagiza mali ya kila kampuni ya reli ithaminiwe. Wapimaji wakapita reli nzima, wakiandika madaraja, matangi, vibanda vya zana na mashimo ya ukaguzi yaliyo chini ya injini. Hawakuwa na haja ya historia, lakini hakuna mwanahistoria ambaye angeweza kulipia kazi kama hiyo.

Uingereza, mwenye wasiwasi alikuwa mwenye ardhi. Kampuni iliyotaka kujenga reli ilipaswa kuwasilisha bungeni michoro ya njia pamoja na daftari la wamiliki wa kila kipande cha ardhi ambacho ingekipitia. Mtafiti wa Kiingereza kwa hiyo anajua ng'ombe wa nani walihamishwa, hata kabla hajajua ni injini ngapi zililala hapo. Shedi zenyewe huzipata kwenye ramani kubwa za serikali, au kwa bahati ya kukuta jengo bado limesimama. Mfano maarufu ni nyumba ya injini ya Camden, London, iliyojengwa mwaka 1847 kwa duara kamili, paa lake likibebwa na nguzo 24 za chuma. Injini zilirefuka haraka kuliko jengo, na baada ya miaka michache hazikuingia tena vizuri. Likageuzwa ghala la pombe, na katika miaka ya 1960 likawa ukumbi wa sanaa. Limedumu kwa sababu kila kizazi kililipatia kazi mpya. Wakati huohuo tao kubwa la stesheni ya Euston, lililosifiwa na wengi, lilibomolewa miaka ya 1961 na 1962. Mwaka uliofuata New York nayo ikaanza kuibomoa Pennsylvania Station, na hasira za wakazi zikazaa sheria ya kulinda majengo ya mji huo mwaka 1965. Uzuri wa uso haukuwa kinga.

Huku kwetu Afrika Mashariki reli ilijengwa kwa fedha za watu waliokaa mbali, na hati zikaandikwa kuwaridhisha hao. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kwa kuwa vibarua kutoka India walikuwa na mikataba, walihesabiwa mmoja mmoja: 31,983 waliletwa, 2,493 wakafa. Waafrika waliofyeka pori na kubeba mataruma hawakuwa na mkataba wa aina hiyo, na hesabu yao haina uhakika kama huo. Ni kanuni ileile ya ramani ya bima: kinachoandikwa ni kile ambacho mtu anaweza kudaiwa.

Tabora inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita vikaja. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916 walivunja madaraja na kuzika nyaraka za serikali yao, nyingine palepale Tabora. Waingereza wakazichimbua baadaye. Mwaka 1928 njia ya Mwanza ilikamilika na Tabora ikawa njia panda. Mwaka 1948 reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, makao makuu yakiwa Nairobi, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mtafiti wa shedi moja ya Tabora anajikuta na karatasi zilizotawanyika Berlin, London, Nairobi na Dar es Salaam, na hakuna ramani ya bima inayomwambia ukuta ulikuwa wa nini.

Jawabu la haraka ni kwamba tuna wazee. Ni kweli, lakini mzee naye ana namna yake ya kusomwa. Ukimuuliza, "Mzee, shedi ilijengwa lini?" atakujibu, "Enzi za Mjerumani," na mazungumzo yataishia hapo. Muulize, "Ukitoka zamu ya usiku ulipita mlango gani?" au "Kichwa cha treni kikifa njiani Malagarasi, nani aligongewa mlango kota?" Hapo utasikia habari za mlango uliozibwa kwa tofali, bomba la maji lililohamishwa, na njia ya reli iliyong'olewa. Kumbukumbu ya mfanyakazi imejengwa juu ya yaliyomuunguza, yaliyomchosha na yaliyomkata mshahara.

Na mfanyakazi huyo pia alikuwa na hofu ya fedha. Baada ya Jumuiya kuvunjika, wastaafu wake walidai mafao kwa miaka mingi, wakikusanyika, wakienda mahakamani, wakihojiwa kama kweli walikuwa watumishi. Katika madai ya namna hiyo, ushahidi ni barua ya ajira, barua ya uhamisho, hati ya malipo. Karatasi za aina hiyo hutaja jina la kituo, cheo, tarehe na idara. Ukizipanga barua za uhamisho za madereva na mafundi kadhaa wa kituo kimoja, utajua shedi ilipoongezewa watu, ilipopunguziwa, na mvuke ulipoachia nafasi dizeli.

Cha kushangaza ni kwamba Wamarekani wamefika mlango huohuo. Ramani ya Sanborn humwambia mtafiti rangi ya ukuta lakini si nani alifanya kazi nyuma yake. Anayetafuta watu huenda kwenye kumbukumbu za bodi ya pensheni ya wafanyakazi wa reli, iliyoundwa katika miaka ya 1930, kwa sababu humo ndimo mchochea moto anapopata jina, umri na mwajiri. Tofauti ni kwamba za kwao zimo mikononi mwa serikali, na za kwetu zimo kwenye masanduku ya familia.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mtafiti wa Kiafrika aanzie kwenye hifadhi za Ulaya kisha arudi kujazia kwa simulizi. Faili la Berlin litakuwapo mwakani, likiwa kavu na lenye namba. Lakini hapa Tanzania treni za reli mpya ya SGR zimekuwa zikienda Dodoma tangu mwaka 2024, na kadiri abiria wanavyohama, majengo ya reli ya zamani yanakosa mtu wa kuyasemea. Wajane na watoto wa wastaafu nao wanasafisha nyumba, na barua ya uhamisho ya mwaka 1958 haina thamani kwa asiyejua ni ya nini. Aanze na masanduku hayo: apige picha kila karatasi, aandike jina la mwenyewe kwa idhini yake, kisha aende na karatasi hizo hadi kwenye shedi apime kuta. Akifika Berlin baada ya hapo, atakuwa na maswali ambayo Mjerumani aliyeandika faili lile hakutarajia kuulizwa.