Utalii wa baiskeli: Asembo Bay yaweza kufuata mfano upi?

Utalii wa baiskeli za milimani ni matembezi au mashindano yafanyikayo katika vijia vya udongo na mawe, mbali na barabara za lami. Kwa wakazi wa Asembo Bay, katika Kaunti ya Siaya, suala kuu si kuja kwa wageni tu, bali ni nani atakayezipokea fedha zao. Humu nchini ipo mifano mitatu.

Ada ya lango: Mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, iliyotengwa mwaka 1984, ni miongoni mwa mbuga chache ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli. Ada ya kiingilio huchukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Udhaifu wa mfumo huu ni kuwa mwenye lango ndiye mwenye kauli. Mwaka 2025, chama cha Friends of Karura kilikwenda mahakamani baada ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kuagiza ada za msitu huo wa Nairobi zilipwe kupitia eCitizen.

Mashindano: Shirika la Mount Kenya Trust limekuwa likiandaa mbio za 10to4 kwenye miteremko ya Mlima Kenya ili kuchangisha fedha za uhifadhi. Mbio hulitangaza eneo upesi, lakini ni za siku chache tu.

Huduma: Mgeni halipii njia, bali baiskeli, kiongozi, chakula na malazi. Hivi ndivyo wenyeji wanaokodisha baiskeli karibu na lango la Hell's Gate hujipatia riziki.

Asembo Bay haina lango wala mlima. Mlima Homa, wenye kimo cha mita 1,751, uko ng'ambo ya Ghuba ya Winam, na Got Ramogi, kitovu cha masimulizi ya asili ya Waluo, iko Yimbo. Kwa hiyo mfumo wa huduma, ukiendeshwa na chama cha ushirika, ndio uifaao. Mafundi waliozoea kutengeneza baiskeli za bodaboda kabla ya pikipiki kutawala wana ujuzi unaohitajika.

Hata hivyo, vijia vingi hupita katika mashamba ya familia. Idhini ya kila mwenye shamba na fungu lake viandikwe kabla ya mgeni wa kwanza kufika, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.